Kufa na Kupona kwa Bahari: Ushahidi wa Udongo wa Kilwa na Lindi

Ghuba ya Mchinga iko katika pwani ya Lindi, kaskazini ya mji wa Lindi, katika njia iendayo Kilwa. Maji ya bamvua yatokapo, wanawake hushuka ufukoni na michokoo yao kutafuta pweza, watoto huwafuata nyuma wakiokota kombe, na mashua hulala ubavu juu ya mchanga zikingoja maji yajae. Mtu atazamaye mandhari hiyo huona bahari moja tu, ile iliyo mbele ya macho yake. Lakini nyuma yake, chini ya mashamba na chini ya barabara, imo bahari nyingine, na chini ya hiyo imo nyingine tena. Bahari hizo hazina maji. Kilichosalia ni udongo wao: udongo mzito, wa rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani, uliotuama zamani sana katika vilindi, ukashindiliwa tabaka juu ya tabaka, kisha ukainuliwa pamoja na nchi. Ukanda wa udongo huo wafuata pwani kutoka Kilwa mpaka Lindi, na Mchinga imo ndani ya mipaka yake.

Aghalabu husemwa kwamba bahari haiishi. Mvuvi apataye kidogo leo hutumaini kupata zaidi kesho. Mwamba wa matumbawe uliovunjwa mwaka huu hudhaniwa utaota tena mwaka ujao. Imani hiyo haikuzuka bure, kwa kuwa bahari yenyewe imeifundisha kwa ukarimu wake wa karne nyingi. Udongo wa Kilwa na Lindi umehifadhi ushahidi wa muda mrefu kuliko kumbukumbu ya mvuvi yeyote, na ushahidi huo wakubali nusu ya imani hiyo na kukanusha nusu yake. Wakubali kwamba bahari iliyopatwa na maafa hupona. Wakanusha kwamba hupona upesi, na wakanusha zaidi kwamba hurudi kuwa ile ile.

Historia ya namna ushahidi huo ulivyosomwa ina mafunzo yake. Wageni wa kwanza waliochimba mabaki ya kale katika nchi ya Lindi hawakuja kwa ajili ya viumbe wa bahari. Mwaka 1906 mhandisi wa migodi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliiona mifupa mikubwa karibu na kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache baada ya Vita vya Maji Maji, jumba la makumbusho la Berlin liliwatuma Werner Janensch na Edwin Hennig kusimamia uchimbaji. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya watu wa nchi chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na mizigo ya mifupa ilichukuliwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi. Dunia ilistaajabia ukubwa wa wanyama hao wa nchi kavu. Wachache tu walitia maanani kwamba kati ya tabaka za mifupa zimo tabaka za bahari, zenye kombe nene zilizochongwa mistari na vinundu, za ukoo uitwao Trigonia. Wataalamu walizitumia kombe hizo kuzipa tabaka majina, kisha macho yakarudi kwenye mifupa.

Kundi la pili la wageni lilitafuta mafuta. Makampuni ya BP na Shell yalipewa idhini ya kutafuta mafuta katika pwani ya Tanganyika mwaka 1952, na visima virefu vilichimbwa Mafia, Unguja na Pemba bila ya kupata kilichotafutwa. Hata hivyo mtafuta mafuta hana budi kujua umri wa kila tabaka anayoipita, na njia nyepesi ya kuujua ni kutazama kwa hadubini magamba ya viumbe wadogo yaliyomo. Hivyo vipande vya udongo wa Lindi vilifika Uingereza, na mwaka 1962 wataalamu wawili, W. H. Blow na F. T. Banner, walitangaza maelezo ya aina kadhaa za viumbe hao, na baadhi yao walikuwa hawajapata kujulikana. Mafuta hayakuonekana, lakini jina la Lindi liliingia katika vitabu vya elimu ya miamba.

Viumbe hao huitwa foraminifera. Ni viumbe wa chembe moja, na wengi wao hawafikii ukubwa wa punje ya mtama. Lakini kila mmoja hujijengea gamba la chokaa lenye vyumba, chumba baada ya chumba, kwa umbo la ukoo wake. Wengine huelea karibu na uso wa maji, wengine huelea katika kina, na wengine hukaa chini juu ya mchanga na matope. Wafapo, magamba yao huzama na kujikusanya sakafuni mwa bahari, na haba na haba hujaza kibaba. Kipande cha udongo kitoshacho kiganjani chaweza kuwa na mamia ya magamba. Udongo huloweshwa, huoshwa juu ya chekeche laini, na yaliyosalia hukaushwa na kuhesabiwa moja moja chini ya hadubini. Hakuna mnyama mkubwa awezaye kutoa ushahidi wa namna hiyo. Mifupa ya nyangumi mmoja husimulia kifo cha nyangumi mmoja, lakini magamba haya ni daftari la wakazi wote, ukurasa baada ya ukurasa, na jina likikosekana katika ukurasa fulani na katika zote zinazofuata, hapana shaka kwamba mwenye jina hilo ameondoka.

Kwa nini daftari la Kilwa na Lindi lipendwe kuliko la mahali pengine? Sababu ni ule udongo wenyewe, ambao mtafuta mafuta hakuona faida yake na mpita njia huulaani wakati wa masika. Katika sehemu nyingi za sakafu ya bahari, maji hupenya kati ya chembe za matope, huyeyusha chokaa ya magamba kidogo kidogo na kuituamisha upya. Umbo la gamba hubaki, lakini chokaa yake huwa si ile iliyojengwa na kiumbe mwenyewe. Ni chokaa ya baadaye, iliyoganda katika baridi ya kilindini. Kwa ajili hiyo wataalamu walipopima magamba ya namna hiyo ili kujua joto la bahari za kale, walipata jibu la ajabu, kwamba bahari za tropiki zilikuwa na ubaridi katika zama ambazo nchi za karibu na ncha za dunia zilikuwa na joto na misitu. Udongo wa Kilwa na Lindi haupitishi maji. Magamba yaliyofungiwa ndani yake yametoka safi, meupe na yenye kupenya nuru kama kioo. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake, akiwamo Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli la Tanzania, walitangaza vipimo vya magamba hayo: uso wa bahari ya tropiki katika mwisho wa zama za Kretasia na katika zama za Eosini ulikuwa na joto la nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi kwa uchache. Kosa la miaka mingi lilisahihishwa na matope ya kusini mwa Tanzania.

Kuanzia mwaka 2002 wataalamu hao waliendelea kwa kuchimba. Visima vyao havikuwa virefu kama vya mafuta. Shabaha ilikuwa kuutoa udongo mzima mzima, ukiwa na umbo la mchi wa kinu, bila ya kuvuruga mpangilio wa tabaka. Vituo vilifika arobaini kwa muda wa miaka iliyofuata, na mwaka 2006 tabaka za udongo huo ziligawanywa katika mafungu manne na kupewa majina ya Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Msafiri wa Kilwa huyajua majina hayo kuwa ni vituo vya safari. Kwa mwanafunzi wa miamba ni sura nne za kitabu kimoja, kianzacho katika miaka ya mwisho ya Kretasia na kukoma mwanzoni mwa zama za Oligosini, muda upatao miaka milioni hamsini.

Katika muda huo dunia ilipatwa na maafa mawili yanayostahili kutajwa hapa. La kwanza ni kubwa na lajulikana na wengi. Miaka milioni 66 iliyopita jiwe kubwa lilianguka kutoka angani mahali ambapo leo ni pwani ya Mexico. Dunia iligubikwa na vumbi, nuru ya jua ikapungua, na mimea midogo ya baharini, ambayo ndiyo chakula cha kwanza cha bahari yote, ikakosa uhai. Walikufa dinosauri wa bara, waliangamia amonaiti baharini, na katika foraminifera waeleao zilisalia aina chache tu, ndogo na zisizo na mapambo. Hao wachache ndio waliozaa wote waliofuata. Mamilioni ya miaka yalipita kabla ya bahari kurudiwa na wingi wa aina uliofanana na ule wa awali.

Habari za waliosalia zina mambo mawili yanayoigusa pwani hii. Ukoo wa zile kombe za Tendaguru, ambao zamani ulienea katika bahari nyingi za dunia, ulikaribia kufutika. Leo wabaki na aina chache tu katika maji ya Australia, na mvuvi wa Lindi hawezi kuipata hata moja katika bahari iliyokuwa makao ya mababu zake. La pili ni la samaki silikanti. Wataalamu waliyajua mabaki yake katika mawe ya Kretasia na ya kabla yake tu, wakahukumu kwamba alikufa pamoja na dinosauri. Mwaka 1938 alivuliwa mmoja akiwa hai katika pwani ya Afrika Kusini. Mwaka 2003 alivuliwa mwingine karibu na Songo Mnara, katika visiwa vya Kilwa, na baadaye wengi walinaswa katika nyavu za Tanga. Kutoonekana katika daftari, basi, si ushahidi wa kifo kwa kila kiumbe, maana mwenye kukaa katika mapango ya vilindini na mwenye idadi ndogo aweza kuishi zama nyingi bila ya kuandikwa. Ndiyo sababu ushahidi wa foraminifera una uzito: wao ni wengi mno kuweza kujificha.

Afa la pili ni dogo kuliko la kwanza, wala halihesabiwi miongoni mwa maangamizi makuu matano ya historia ya dunia. Lakini katika elimu yake pwani ya Kilwa imekuwa shahidi mkuu. Lilitokea miaka ipatayo milioni 34 iliyopita, penye mpaka wa Eosini na Oligosini, na kurasa zake zimo katika visima vilivyochimbwa upande wa Pande, kusini ya Kilwa Masoko.

Miongoni mwa foraminifera wa Eosini alikuwamo mmoja aliyewapendeza wataalamu kuliko wengine, aitwaye Hantkenina kwa heshima ya mtaalamu wa Hungaria, Miksa Hantken. Kila chumba cha gamba lake kilitoa mwiba mrefu ulio wazi ndani, hata kiumbe mzima akafanana na nyota. Ukoo huo uliishi miaka ipatayo milioni 15. Mwanzo wake pia umesomwa katika udongo wa Tanzania: Pearson na Helen Coxall walionyesha hatua kwa hatua jinsi vyumba virefu vya mababu zake vilivyochongoka hata vikawa miiba, na mojawapo ya aina za mwanzo wakaiita Hantkenina singanoae, kwa heshima ya Joyce Singano. Mwisho wake ndio uliochaguliwa na wataalamu wa dunia kuwa alama ya mpaka wenyewe. Mwaka 1992 mahali rasmi pa kuuonyesha mpaka huo palikubaliwa kuwa Massignano, nchini Italia. Lakini magamba ya Pande yamehifadhika vizuri kuliko ya huko.

Katika visima vya Pande mpangilio wa vifo waonekana wazi. Kwanza alitoweka Turborotalia wa jamii ya cerroazulensis, mmoja wa waeleao waliokuwa wengi katika maji hayo. Baadaye kidogo Hantkenina na jamaa zake wote waliondoka kwa pamoja. Jirani yao mdogo, Pseudohastigerina, alisalia, lakini kwa umbo lililopungua, kama mtu aliyenusurika njaa. Tena, katika tabaka ile ile, wakazi wa sakafuni nao walipata msiba. Discocyclina na Asterocyclina, waliokuwa bapa kama sarafu na wakubwa kiasi cha kuonekana bila ya hadubini, waliishi katika maji machache yenye nuru na kuwahifadhi miani wadogo ndani ya miili yao. Hao pia walikoma.

Jambo hili la mwisho lilikuwa na utata kwa miaka mingi. Viumbe wa maji machache huhifadhiwa katika mawe ya chokaa ya pwani, na waeleao huhifadhiwa katika matope ya vilindi. Kwa kuwa mawe hayo mawili hayakutani, hakuna aliyeweza kusema kwa yakini kama vifo vya hawa na vya wale vilitokea wakati mmoja. Pande iliwakutanisha. Matope na mchanga wa kando ya pwani yaliporomoka mara kwa mara na kuteremkia vilindini, yakichukua magamba ya maji machache na kuyalaza kati ya magamba ya waeleao. Mwaka 2011 Laura Cotton na Pearson walitangaza kwamba vifo hivyo viwili vimo katika usawa mmoja. Kwa hiyo kilichotokea hakikuwa mabadiliko ya pwani moja au ya kina kimoja. Bahari nzima iliguswa, juu na chini.

Chanzo chake kimesomwa katika chokaa ya magamba yale yale. Kiasi cha magnesi katika gamba huonyesha joto la maji lilimojengwa, na aina mbili za boroni huonyesha ukali wa maji, ambao wategemea hewa ya kaboni dioksaidi iliyo juu yake. Yaonekana hewa hiyo ilikuwa ikipungua angani. Pearson na wenzake mwaka 2009 walikadiria kwamba ilipofika sehemu zipatazo 750 katika milioni, barafu kubwa ilianza kujengeka katika bara la Antaktika. Maji mengi yalifungwa katika barafu, na usawa wa bahari ukashuka kwa makumi ya mita. Badiliko lote lilichukua miaka laki kadhaa, kwa hatua, na vifo vya akina Hantkenina viliangukia kati ya hatua hizo.

Hapa pana jambo la kutafakari. Maji ya Kilwa hayakugeuka kuwa barafu, wala hayakuwa hata ya baridi. Vipimo vyaonyesha kwamba joto la maji ya tropiki lilipungua kwa nyuzi kama mbili na nusu tu, na mtu ambaye angeogelea katika bahari hiyo kabla na baada ya msiba asingetambua tofauti kubwa. Lakini viumbe waliokwisha kuzoea hali moja kwa mamilioni ya miaka hawana nafasi ya kujipimia kama aliyonayo mwogaji. Nuru iliyochujwa na matope mapya, chakula kilichoongezeka mahali palipozoea uhaba, pwani iliyokauka kwa kushuka kwa maji: kila moja katika hayo huonekana dogo, na yakikusanyika huwa makubwa. Mdharau mwiba, wahenga walisema, mguu huota tende.

Kupona kulikujaje? Kwanza kulikuja polepole. Katika zama za Oligosini bahari ilikaliwa na foraminifera wa aina chache, wengi wao wadogo, wa mviringo, wasio na miiba mirefu wala kingo kali. Wingi wa aina haukurudi kwa haraka; waanza kuonekana tena katika zama za Miosini, zilizoanza miaka milioni 23 iliyopita. Katika mimea midogo ya bahari nayo aina zilipungua, na zile zipendazo maji yenye rutuba zilishika nafasi ya zile zilizozoea maji masafi ya uhaba.

Pili, waliorudi hawakuwa wale wale. Jambo hili laonekana vizuri zaidi kwa kuyalinganisha maafa yote mawili. Katika Kretasia walikuwako foraminifera wenye gamba bapa lililozungukwa na ukingo mkali, waitwao Globotruncana. Wakafa wote miaka milioni 66 iliyopita. Baada ya mamilioni ya miaka, wazao wa wale wadogo waliosalia walitoa umbo linalofanana nalo: gamba bapa, ukingo mkali, huyo ni Morozovella. Naye akatoweka kabla ya Eosini kwisha. Leo, katika maji ya Bahari ya Hindi, yuko Globorotalia, naye ana gamba bapa na ukingo. Asiye mjuzi angeweza kudhani kwamba ni mmoja aliyekufa na kufufuka mara mbili. Sivyo. Ni koo tatu mbalimbali zilizoingia, kwa zamu, katika kazi moja ya bahari. Kazi ilirudi, lakini mwenye kazi hakurudi. Na kazi nyingine hazikurudi kabisa: tangu Hantkenina aondoke, hakuna foraminifera mwingine aliyejenga nyota ya miiba kama yake.

Mwanafunzi wa historia ya Kilwa hatauona mfano huu kuwa mgeni. Mji wa Kilwa Kisiwani, ambao Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331 na kuusifu kwa uzuri wake, ulipigwa na Wareno mwaka 1505, na mwaka 1587 ukavamiwa na Wazimba. Katika karne ya kumi na nane ulifufuka. Mwaka 1776 sultani wake alifanya mkataba na Mfaransa Morice, na jumba la Makutani ni la karne hiyo. Lakini Kilwa hiyo haikuwa Kilwa ya dhahabu ya Sofala. Biashara yake kubwa sasa ilikuwa ya watumwa, na Husuni Kubwa ilibaki gofu juu ya jabali. Mahali palikuwa pale pale, na jina lilikuwa lile lile. Anayesema kwamba Kilwa ilipona hasemi uongo, lakini hana budi kuulizwa ni Kilwa ipi.

Haifai, hata hivyo, kuhesabu hasara peke yake. Barafu ya Antaktika ilibadili mizunguko ya maji ya dunia, na bahari za kusini zikajaa chakula. Wataalamu wengi huhusisha badiliko hilo na kutokea kwa nyangumi wasio na meno, ambao huchuja vidagaa kwa mapazia yaliyo vinywani mwao. Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, nyangumi wa nundu hutoka malishoni kwao katika maji ya Antaktika na kupita pwani ya Tanzania, wakija kuzaa katika maji ya joto. Wavuvi wa Kilwa na Lindi huwaona wakirusha maji. Msiba uliozikwa katika udongo wa Pande, na mnyama apitaye mbele ya pwani ile ile, vyatokana na badiliko moja. Kadhalika matumbawe ya sehemu hii ya bahari: mwaka 2012 David Obura, mtaalamu wa matumbawe mwenye makao Mombasa, alionyesha kwamba kaskazini ya mlango wa bahari wa Msumbiji, pamoja na kusini mwa Tanzania, ndipo penye aina nyingi za matumbawe kuliko sehemu nyingine za magharibi mwa Bahari ya Hindi. Utajiri huo ni matunda ya kupona kulikochukua mamilioni ya miaka. Ni urithi, na urithi haulimwi upya kila msimu.

Kwa ajili hiyo daftari la udongo si jambo la wafu tu. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida. Matumbawe yaligeuka meupe na mengi yakafa, na katika baadhi ya miamba ya Mafia sehemu kubwa iliangamia. Baruti nayo imevunja miamba ya pwani ya kusini kwa miongo mingi, na mlipuko mmoja hutengua kazi ya miaka mingi ya matumbawe. Hewa ya kaboni dioksaidi, ambayo katika zama za Pande ilipungua kwa maelfu kwa maelfu ya miaka, sasa yaongezeka: kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 280 katika milioni, na mwaka 2024 ilizidi 420. Kiasi hicho bado ni kidogo kuliko cha Eosini, na kuna wapatao faraja katika hilo. Lakini udongo wa Pande haukutoa hukumu juu ya kiasi peke yake. Ulionyesha viumbe waliokufa katika maji ambayo bado yalikuwa ya uvuguvugu, kwa sababu mazoea yao yalivunjwa. Na badiliko lililowaua lilikwenda taratibu mno likilinganishwa na hili la sasa, ambalo limetimia katika maisha ya vizazi vichache.

Bahari itapona: hilo udongo wakubali. Baada ya jiwe lililotoka angani ilipona, na baada ya barafu ya Antaktika ilipona pia. Lakini vipindi vya kupona kwake vimepimwa kwa mamilioni ya miaka, na binadamu mwenyewe, kwa umbo alilo nalo sasa, hajaishi duniani hata nusu ya milioni moja. Anayengoja bahari ijiponye wenyewe baada ya kuivunja hangojei kwa niaba ya watoto wake, wala wajukuu wake, bali kwa niaba ya viumbe asiowajua, watakaorithi pwani hiyo baada yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu si wa kujengwa na mikono ya watu.

Kazi ya kulisoma daftari hilo bado haijakwisha, na sehemu kubwa ya usomaji imefanywa mbali na pwani lilikoandikwa. Mifupa ya Tendaguru ilikwenda Berlin. Magamba ya Lindi yalikwenda Uingereza. Jina la Singano lililobandikwa katika nyota ya kale ya Eosini laonyesha kwamba mambo yaweza kwenda kwa njia nyingine, na kwamba mwana wa nchi aweza kuwa msomaji wa udongo wa nchi yake, badala ya kuwa mchukuzi wake tu. Kurasa zingine zimo chini ya njia iendayo Mchinga, na hazihitaji kutafutwa mbali. Huko ghubani, maji ya bamvua yatakapotoka tena, wanawake watashuka na michokoo yao, na chini ya miguu yao zitakuwapo zile bahari nyingine, zimefungwa katika udongo usiopitisha maji, na majina ya waliokufa na ya waliosalia yakiwa yamehifadhiwa ndani yake.